Somo: Kufungua akaunti za watumiaji kwenye Unix ya mtandao kwa mstari wa amri

Kwenye kompyuta moja, jina na nywila vinatosha. Mashine zikiwa nyingi na zote zinatumia faili za seva moja kwa NFS (njia ya kushiriki faili mtandaoni), anza na namba. Mfumo hauandiki mwenye faili kwa jina, unaandika UID, yaani namba ya mtumiaji. Ukiacha kila mashine ichague yenyewe, kila moja itatoa namba inayofuata kwake, kwa kawaida kuanzia 1000. Basi Juma anakuwa 1004 huku, Asha anakuwa 1004 kule, na Asha anafungua faili za Juma kama zake. Hakuna ujumbe wa kosa utakaouona.

Hatua ya 1: hakikisha namba na jina viko huru.

`getent passwd 3005`
`getent passwd asha`

Zikikaa kimya, endelea. Usitegemee kusoma `/etc/passwd` peke yake, maana getent huuliza pia NIS au LDAP (huduma zinazoweka orodha moja ya watumiaji kwa mashine zote) kama `/etc/nsswitch.conf` inavyoelekeza.

Hatua ya 2: fungua kundi, kisha akaunti, ukiwa kwenye seva yenye `/home`.

`sudo groupadd -g 3000 wahasibu`
`sudo useradd -m -u 3005 -g wahasibu -s /bin/bash asha`

`-m` hutengeneza saraka ya nyumbani na kunakili humo yaliyomo `/etc/skel`. Kwenye Debian (aina ya Linux) ukiisahau, mtumiaji anabaki hana saraka. Kuna pia `-p` ya nywila, achana nayo. Inataka nywila iliyokwisha kusimbwa, tena inabaki kwenye historia ya amri zako.

Matokeo yake ni mstari huu:

`asha:x:3005:3000::/home/asha:/bin/bash`

Sehemu saba. Hiyo `x` inasema nywila iko `/etc/shadow`, ambako mtumiaji wa kawaida hafiki.

Hatua ya 3: nywila.

`sudo passwd asha`
`sudo chage -d 0 asha`

Amri ya pili inamlazimisha abadilishe nywila mara ya kwanza anapoingia.

Hatua ya 4: mashine nyingine. Kama mna NIS, sukuma taarifa kwa `sudo make -C /var/yp`. Kama hamna, rudia hatua ya 2 na 3 kila mashine kwa namba zilezile, ila weka `-M` badala ya `-m`, kwa kuwa saraka tayari ipo kwenye seva. Wenye LDAP, useradd haiwahusu; akaunti huongezwa kwenye LDAP yenyewe.

Mwisho ingia kama asha kwenye mashine mbili, tengeneza faili upande mmoja, upande wa pili andika `ls -ln`. Ukiona 3005, mambo safi.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimetumia `-m` kwenye mashine ya kawaida nikaambiwa sina ruhusa. Mbona mimi ni root (msimamizi mkuu)?

Jibu: Wewe ni root wa mashine hiyo tu. NFS kwa kawaida huwa na `root_squash`, hivyo seva inakuona kama nobody, mtumiaji asiye na mamlaka. Tengeneza saraka kwenye seva.

Swali: Nimemwongeza mtu kundi la pili kwa `usermod -G`, amepoteza makundi mengine yote ya ziada!

Jibu: Pole. `-G` peke yake inafuta orodha na kuandika upya. Tumia `usermod -aG`. Mtumiaji atoke na kuingia tena ndipo aone badiliko.

Swali: Hatuna NIS wala LDAP. Mtu akibadilisha nywila mashine moja, nyingine zinadai ya zamani.

Jibu: Ndivyo ilivyo, kila mashine ina `/etc/shadow` yake. Zikizidi chache, hamieni LDAP yenye TLS (usimbaji wa taarifa zinazopita mtandaoni). NIS ni rahisi kuweka, lakini ni ya zamani na hupitisha taarifa mtandaoni bila kuzificha.

Swali: Mtu akiacha kazi nifute akaunti siku hiyohiyo?

Jibu: Mimi nafunga kwanza: `sudo usermod -L -e 1 asha`. `-L` pekee huzuia nywila tu, mwenye ufunguo wa SSH (wa kuingia kutoka mbali bila nywila) bado anaweza kuingia; `-e 1` ndiyo inayoifanya akaunti yenyewe iwe imeisha muda. Namba yake usimpe mwingine kabla ya kuendesha `sudo find /home -uid 3005` na kuona hakuna kilichobaki.