Kabla ya Mafungo ya Walimu na Wafanyakazi: Mambo ya Kuzingatia

Mafungo mengi ya shule zetu za Kikatoliki hapa Uganda, yaani siku za kutulia na kusali, huharibika kabla basi halijawashwa, pale mwalimu mkuu anapopenyeza kwenye ratiba "dakika chache tu" za kuzungumzia matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la taifa. Dakika hizo huzaa saa nzima, na jioni watu hurudi wakiwa wametoka kikaoni. Kwa hiyo jambo la kwanza kukubaliana, tena kwa maandishi, ni kwamba siku hiyo habari za kazi haziguswi.

Kuhusu tarehe, likizo ya Mei baada ya muhula wa kwanza huwafaa wengi, mradi ripoti za wanafunzi ziwe zimekwisha. Mwalimu mwenye rundo la karatasi za kusahihisha hasali, anahesabu alama. Mkiwa na Waadventista, msiweke Jumamosi. Lakini Mei hiyohiyo mahujaji huanza kumiminika Namugongo kwa ajili ya Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani, tarehe 3 Juni, na anayetaka utulivu hataupata huko. Ningewapeleka walimu Munyonyo, Kampala. Huko, mwezi Mei 1886, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alimchoma mkuki Denis Ssebuggwawo, mtumishi kijana wa ikulu, baada ya kugundua kwamba alikuwa akimfundisha dini kijana mwenzake. Mtu aliyeuawa kwa kufundisha: mhubiri wa mafungo atafute mada gani tena? Shule za Kitgum na Agago, kaskazini mwa nchi, zina Paimol, walikouawa makatekista (walimu wa dini) vijana Daudi Okelo na Jildo Irwa mwaka 1918. Walitangazwa wenye heri mwaka 2002. Kwa shule ya Kampala huko ni mbali, si safari ya kwenda na kurudi siku moja.

Linalosahaulika zaidi ni kitubio. Pigeni hesabu: watu 40, kila mmoja dakika sita, ni saa nne kwa padri mmoja. Hapo ama Misa itachelewa au nusu ya watu wataondoka bila kuungama. Alikeni mapadri watatu, na wawe wa kutoka nje. Padri aliye mkurugenzi wa shule, au anayeketi kwenye bodi na kujadili mikataba, asikalishwe kitubioni siku hiyo. Siri ya kitubio haivunjwi, kila Mkatoliki anajua, lakini mhasibu mwenye jambo la pesa moyoni hatapiga magoti mbele ya anayetia sahihi mshahara wake. Padri mwenyewe hapaswi kuona vibaya akiambiwa hivyo. Hata sheria ya Kanisa inamzuia gombera, yaani mkuu wa seminari, kuwaungamisha wanafunzi anaoishi nao, isipokuwa wenyewe wakiomba kwa hiari.

Kisha, nani anaalikwa? Wafanyakazi maana yake ni pamoja na mpishi, matroni na askari wa getini. Kama shule ni ya bweni na wanafunzi wapo, gaweni makundi mawili, la sivyo watakaobaki kila mwaka watakuwa walewale wa jikoni. Katika shule zetu wamo pia Waanglikana, Waislamu na walokole. Waambiwe mapema, kwa upole, kipi ni cha wote na kipi ni cha Wakatoliki, yaani Komunyo na kitubio, ili mtu asije akabaki peke yake kwenye benchi huku wenzake wakimtazama. Asiyetaka kuja asiandikwe mtoro.

Lugha nayo ipangwe. Mhubiri akihubiri kwa Kiingereza tupu, mpishi wa kutoka Soroti na askari wa kutoka Arua watasinzia. Vikundi vya kushirikishana viende kwa Kiswahili au kwa lugha wanayoielewa wote.

Chakula kisiwe cha sherehe: posho (ugali), maharagwe na mboga vinatosha. Wenye kisukari au vidonda vya tumbo wajulikane kabla ya kupanga saa za kufunga, nao wabebe dawa zao. Simu zikusanywe kwa hiari, na namba ya nyumba ya mafungo wapewe jamaa walioachwa nyumbani, kwani mama mwenye mtoto mgonjwa hawezi kunyamaza kwa amani asipojua atapatikanaje. Dereva alipwe nusu mapema na aambiwe saa ya kurudi ni saa kumi. Mvua za Mei hazina subira, na barabara ya udongo ikishalowa, giza litawakuta njiani.