Kuhamishia picha ya mlango wa Mji Mkongwe kwenye kanga na ubao

Tayarisha plaiwudi ya milimita 6 iliyokatwa A3, kipande cha kanga, jeli ya akriliki isiyong'aa (ya wachoraji, hushika kama gundi), brashi pana, kadi kuukuu ya benki na sponji. Picha ichapishwe kwa printa ya leza, karatasi ya kawaida ya gramu 80. Wino wa leza ni unga wa plastiki uliochomwa juu ya karatasi, kwa hiyo hushika kwenye jeli na hauogopi maji. Kama huna hakika duka limekuchapishia kwa mashine gani, lowesha kidole usugue pembeni; wino ukivuja, rudisha.

Mlango upige picha asubuhi, ukiukabili sawasawa, maana jua la adhuhuri hujaza kivuli kwenye nakshi. Katika programu ifanye nyeusi na nyeupe, koleza mpaka misumari ya shaba ichomoze, weka pikseli 3508 kwa 4961, kisha pindua kulia-kushoto kama kioo. Hapa ndipo wengi hupitiwa. Milango mingi ya Unguja ina maandishi ya Kiarabu juu ya fremu. Usipopindua, aya itatoka kinyume, na hapo huna budi kuanza upya. Tena kazi yenye aya ni ya kutundika ukutani, si ya kuwekea vikombe.

Leza haina wino mweupe. Palipo peupe kwenye picha patakuwa wazi, na kanga itaonekana. Basi chagua kanga ambayo mji wake, yaani sehemu ya katikati, una rangi hafifu. Maua meusi makubwa huumeza mlango wote. Kanga mpya ifuliwe kwanza itoke wanga, ipigwe pasi, ibandikwe kwa jeli juu ya ubao uliopigwa msasa, ikauke kabisa.

Sasa paka jeli upesi, unene wa kama milimita moja, laza picha kifudifudi, sukuma kwa kadi kutoka katikati kwenda kingoni. Povu lililobaki ndani litakuwa tundu kwenye picha. Jeli iliyotoka pembeni ifute: ikipanda mgongoni mwa karatasi, maji hayatapenya. Acha saa 24, na masika saa 48, karibu na feni. Usianike juani, karatasi itajikunja.

Lowesha kwa sponji, subiri dakika tatu, sugua kwa ncha za vidole, taratibu, bila kucha. Karatasi itatoka kwa vijinyuzi. Picha ikitoka nayo, jeli haijakauka. Iache mpaka kesho. Ikishakauka utaona ukungu mweupe: ni nyuzi zilizobaki. Lowesha usugue tena, mara mbili au tatu, na ukungu wa mwisho utapotea kwa jeli nyembamba ya juu.

Misumari iguse kwa rangi ya dhahabu, upake vanishi mara mbili. Nyuma andika 1/1, yaani nakala ya pekee, kwani hata ukitumia faili lile lile, kipande kingine cha kanga hakitakupa picha hii.