Uzito wako uko mguu gani?

Simama mkao wako wa ngumi (mguu wa kushoto mbele kama unatumia mkono wa kulia), kisha inua unyayo wa mbele kidogo, urudishe, uinue wa nyuma. Ukilazimika kuyumba kwanza ndipo mguu unyanyuke, uzito umeulundika upande mmoja.

Anayeanza agawe nusu kwa nusu. Bondia Joe Frazier alielemea mbele, bondia mwenzake Floyd Mayweather akapenda kuegemea nyuma, lakini hayo waachie wenyewe kwanza.

Magoti yalegee. Kisigino cha nyuma kisiguse sakafu, na hapa ndipo wengi huharibu: kikilala chini, nyonga haizunguki vizuri, ngumi ya kulia inatoka begani tu. Inapiga kelele kwenye begi la mazoezi, ila haina uzito. Miguu nayo isipangane mstari mmoja kama mtu anayetembea juu ya kamba. Ukiguswa bega tu unakwenda pembeni.

Ukipiga begi, ganda baada ya konde la kulia ujikague. Pua ikivuka goti la mbele, umejitupa. Punguza nguvu, rudia taratibu.