Namna ya kuisikiliza albamu ya kwanza ya The Cranberries, hata kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji

Wengi wetu tuliifahamu bendi ya The Cranberries kutoka Ireland kwa wimbo mmoja tu, nao ni "Zombie", wenye gitaa linalonguruma na sauti ya mwanamke anayeimba kama anayegombana na mtu. Wimbo huo haumo katika albamu ninayotaka uisikilize. Ulitungwa baada ya mabomu yaliyolipuka katika mji wa Warrington, Uingereza, tarehe 20 Machi 1993, ukatoka mwaka 1994 katika albamu ya pili, wakati albamu ya kwanza ilikuwa imeshaingia madukani tangu tarehe 1 Machi 1993. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu limewapoteza wasikilizaji wengi: mtu huifungua albamu ya kwanza akiungojea ule mngurumo, na asipousikia anaondoka kabla ya wimbo wa tatu. Kazi ya kwanza, basi, ni kuiweka "Zombie" kando kwa muda wa dakika 40 hivi.

Albamu yenyewe ina jina refu, "Everybody Else Is Doing It, So Why Can't We?", ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema: wenzetu wote wanafanya, kwa nini sisi tushindwe? Ni jina la vijana, na waliokuwa wakiuliza walikuwa vijana kweli. Siku ilipotoka, hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyekuwa ametimiza miaka 22. Noel Hogan alipiga gitaa, mdogo wake Mike akapiga besi, Fergal Lawler akakaa kwenye ngoma, na Dolores O'Riordan, msichana wa kijiji cha Ballybricken aliyekulia katika kwaya na kinanda cha kanisa, akaimba. Wanaume watatu walikuwa wameianzisha bendi mjini Limerick pamoja na mwimbaji mwingine; huyo alipoondoka mwaka 1990, ndipo Dolores alipokuja kujaribiwa.

Sasa nije kwenye hofu ambayo naijua vizuri, kwa sababu niliwahi kuwa nayo mwenyewe. Msikilizaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya nyumbani hudhani kwamba hawezi kuifaidi albamu ya namna hii mpaka kwanza ayapate maneno yake yote, na kwa hiyo hufungua simu, akayatafuta mashairi, akaanza kusoma huku muziki ukipita masikioni kama redio ya jirani. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Mara ya kwanza usisome neno lolote. Kilicho bora kabisa katika albamu hii kinapatikana pale ambapo maneno yamekwisha na sauti imebaki, na hapo wewe na mtu wa Dublin mko sawa.

Kuhusu vifaa sina mengi. Spika za masikioni za bei ya kawaida zinatosha, mradi zote mbili ziwe zinafanya kazi, kwa sababu sauti za kuitikia zimepangwa kulia na kushoto na ukitumia sikio moja utapoteza nusu ya kazi. Spika ya simu peke yake haifai. Itakumezea besi yote ya Mike Hogan.

Usianze na wimbo wa kwanza. Najua ni ushauri wa ajabu, lakini "I Still Do" ni mlango wenye giza, na mgeni anahitaji kuingilia penye mwanga. Anza na wa pili, "Dreams", na uusikilize mara tatu mfululizo, kila mara ukikifuata kitu kimoja tu. Mara ya kwanza fuata ngoma. Fergal Lawler hapigi kwa nguvu. Anazizungusha ngoma zake kubwa mfululizo, kama mtu anayekimbia mteremko bila kuhema, na ndiyo sababu wimbo huu unaonekana kwenda kasi ingawa hakuna anayeusukuma. Mara ya pili fuata gitaa la Noel, ambalo karibu wakati wote halishindani na mwimbaji: linadokoa, linang'aa, kisha linampisha. Katika muziki wa roki, ambamo gitaa kwa kawaida ndilo bwana harusi, adabu hiyo si jambo dogo. Mara ya tatu fuata sauti, na hapo usiwe na haraka.

Dolores anaimba beti zake kwa utulivu, karibu na kunong'ona. Kisha, katikati ya wimbo, anaacha kabisa kutumia maneno. Sauti inapanda, inakatika kwa kusudi kati ya kifua na koo, inashuka na kupanda tena, na juu yake inawekwa sauti nyingine ambayo pia ni yake, kwa sababu kwa kiasi kikubwa alijiitikia mwenyewe studioni. Kuelekea mwisho anaingia mwitikiaji wa kiume, aliyekuwa mpenzi wake wakati ule, na sauti hizo zinasukana mpaka wimbo unapokwisha. Huo mkatiko wa sauti ni wa kwao. Uimbaji wa kale wa Ireland, ule usiotegemea ala, huipinda noti na kuipamba badala ya kuiimba imenyooka, na Dolores aliuleta katika muziki wa vijana bila kuusafisha kwanza ili ufanane na wa London. Hata lafudhi ya Limerick hakuificha. Aliyelelewa na taarabu hatahitaji kuelezwa kwa nini sauti inayotetemeka mahali panapostahili inaweza kusema zaidi ya ubeti mzima.

Kama bado unashuku kwamba wimbo huu unasimama bila lugha yake, kuna ushahidi. Mwaka 1994 mwimbaji Faye Wong aliurekodi kwa Kikantoni, ukatumika katika filamu ya Hong Kong iitwayo "Chungking Express". Maneno yote yalibadilika, lakini mtu aliyezoea "Dreams" huutambua papo hapo, kwa sababu mifupa yake ni muziki.

Baada ya hapo ruka hadi wimbo wa saba, "Linger". Huu ndio wimbo wa kwanza ambao Dolores na wenzake walitunga pamoja: walimpa kanda yenye kodi za gitaa (yaani "chords", noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ambazo Noel alikuwa ameshazipanga, akaenda nayo nyumbani, akarudi na maneno na lahani. Kodi zenyewe ni nne tu, nazo zinajirudia kwa mpangilio uleule toka mwanzo hadi mwisho, bila daraja, yaani kipande cha katikati chenye muziki tofauti. Mtu anayejifunza gitaa atazipata kwa jioni moja. Swali la kujiuliza unaposikiliza ni hili: kama msingi haubadiliki kabisa, kwa nini wimbo hauchoshi? Jibu ni kwamba kila mzunguko unapewa nguo mpya. Fidla zinatangulia na kuutandika wimbo kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, jambo ambalo msikilizaji wa taarabu asilia atalipokea kama desturi ya nyumbani. Kisha gitaa tupu, kisha ngoma, kisha fidla zinarudi chini ya kiitikio, na sauti ya Dolores inabaki ileile ya mtu anayejua kwamba amedanganywa na bado hajaondoka. Mwenyewe alisimulia kwamba wimbo ulitokana na mapenzi yake ya kisichana kwa kijana mwanajeshi aliyemdhalilisha kwa kumfuata msichana mwingine. Ukishalijua hilo, huhitaji tafsiri ya neno kwa neno.

Hapo sasa umeruhusiwa kurudi mwanzo na kuzisikiliza nyimbo zote 12 kwa mpangilio wake, na ni muhimu iwe hivyo, kwa sababu mpangilio huu ulifikiriwa. "I Still Do", iliyokuwa giza dakika 20 zilizopita, sasa itakuonyesha inachofanya: inakuzoesha mwangwi, ili "Dreams" ikifika uone dirisha limefunguliwa. "Pretty" ni mfupi na karibu uko uchi, na mimi nauhesabu kuwa jaribio la uvumilivu wako; ukiweza kukaa nao bila kuupeleka mbele, albamu imeshakushika. "Wanted" unapita kwa dakika mbili na sekunde chache, na hauhitaji zaidi ya hapo. "How" ndio unaotoa meno, na anayetaka kujua "Zombie" ilitoka wapi aanzie hapo. Sitasema kwamba kila kitu ni dhahabu. Kati ya wimbo wa tano na wa sita mwendo unalegea, na kama si sauti ile, "Not Sorry" ungeweza kuwa wa bendi yoyote ya miaka ile. Albamu za kwanza huwa hivyo. Mapengo yake hukuonyesha mahali ambapo vijana hawa walikuwa bado wanajifunza.

Mwenye kupenda kujua sauti hii laini ilipatikana vipi amtafute mtayarishaji, Stephen Street. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa sauti, na baadaye mtayarishaji, wa The Smiths, bendi ambayo Noel Hogan aliipenda sana, na mkono huo unasikika katika magitaa yanayodokolewa. Lakini njia ya kumfikia haikuwa fupi. Bendi ilikuwa imetoa nyimbo chache mwaka 1991 kwa jina la "Uncertain", zikapokewa vibaya. Ikaachana na meneja wake wa kwanza, na mahali pake akaja Geoff Travis, mwanzilishi wa kampuni ya Rough Trade iliyowatoa The Smiths wenyewe. Ndipo wakaingia studio za Windmill Lane, Dublin, mwaka 1992, na kufanya kazi na Street. Nadhani kushindwa kule kuliwafaa. Katika albamu hii hakuna mtu anayejaribu kuonyesha kwamba anaweza kupiga haraka.

Na ilipotoka, haikuvuma. Uingereza ilikuwa ikiangalia kwingine. Bendi ilikwenda Marekani mwaka 1993 kusindikiza bendi nyingine jukwaani, redio za vyuo na televisheni ya MTV zikaikamata "Linger", wimbo ukafika nafasi ya nane katika chati kuu ya huko, na ndipo kwao wakageuka kuwatazama. Albamu ilishika namba moja Uingereza katikati ya mwaka 1994, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kutoka. Kwa hiyo ukiisikiliza leo mara moja na ukaona haijakuingia, usijilaumu, bali ipe wiki moja kisha uirudie usiku, wakati nyumba imetulia, kwa sababu imepangwa kwa sauti ya chini na kelele za mchana zinaifunika.

Ni katika mara hii ya pili ndipo unapoweza kuyafungua maneno. Utagundua kwamba ulikuwa unaogopa bure. Msamiati wa Dolores katika albamu hii ni mdogo na wa kila siku, sentensi ni fupi, na anazirudiarudia kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari atazielewa bila kamusi. Karibu kila wimbo unasemezwa na "wewe" ambaye hatajwi jina wala hasifiwi sura, kama walengwa wa mafumbo ya taarabu ambao kila aliyeketi ukumbini hudhani ni jirani yake. Usitafute ushairi mzito. Ukiyasoma maneno hayo bila muziki yataonekana kuwa mepesi mno, na kwa kweli ni mepesi. Uzito unawekwa na jinsi anavyolitamka neno lilelile kwa mara ya nne tofauti na mara ya kwanza. Chukua wimbo wowote uliokugusa, chagua mstari mmoja unaorudiwa, na uhesabu ni mara ngapi anaubadilisha bila kubadilisha neno.

Wimbo wa mwisho, "Put Me Down", usiukatize kwa kuruhusu simu irukie bendi nyingine, kwa sababu programu nyingi hufanya hivyo zenyewe zisipozuiwa. Ukishatulia, tazama jalada: vijana wanne wameketi juu ya sofa, wakiwa na nyuso za watu waliopigwa picha kabla hawajawa tayari. Sofa hilohilo liko kwenye jalada la albamu ya pili, "No Need to Argue", na humo ndimo "Zombie" inakosubiri.