Kabla Hujaambiwa "Hatukusikii"

Binamu yangu alifanya mahojiano ya kazi kwa video Jumanne moja akiwa chumbani kwake mtaa wa Umoja, Nairobi: shati limepigwa pasi, pazia limefungwa, majibu ameyakariri. Waliomhoji waliona midomo ikicheza tu. Akaongeza sauti, akaisogelea kompyuta, akagongagonga kioo, wapi! Baadaye tuligundua kwamba kompyuta ilikuwa ikisikiliza muda wote, ila kupitia hedifoni za Bluetooth zilizokuwa ndani ya mkoba uliotundikwa mlangoni, ambazo hakuzizima usiku uliotangulia. Maiki ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inasikiliza zipu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia maiki yake imeharibika, namuuliza kwanza: ipi? Kipakatalishi kina maiki yake, kwa kawaida karibu na kamera. Ukichomeka hedifoni za waya zenye maiki, umepata ya pili. Kamera ya nje ya USB mara nyingi huja na yake. Bluetooth ni nyingine tena. Programu ya mkutano huchukua moja tu kati ya hizo, na si kila mara itakuuliza unataka ipi. Kwenye Zoom, bonyeza kimshale kilicho kando ya alama ya maiki uone orodha. Kwenye Google Meet na Microsoft Teams ingia katika mipangilio ya sauti au ya vifaa. Soma majina, kisha chagua chako kwa jina. Usiiachie kompyuta ikuchagulie.

Ukishachagua, ikwaruze maiki hiyo taratibu kwa ukucha huku ukitazama kipimo cha sauti kwenye kioo. Kikiruka, ni yenyewe. Kisiporuka, lakini ukigonga kando ya kibodi kinaruka, basi unaongea na hedifoni ilhali anayesikiliza ni kipakatalishi. Jaribio hili la ukucha halihitaji utaalamu wowote na limeniokolea muda kuliko ushauri mwingine wote niliowahi kupewa.

Fanya haya siku moja kabla, na kwa vitu vile vile: kompyuta ile ile, hedifoni zile zile, chumba kile kile, programu ile ile. Zoom ina ukurasa wa majaribio, zoom.us/test, unaokuingiza kwenye kikao cha peke yako, unaongea kisha unarudishiwa sauti yako. Teams nayo ina simu ya majaribio ndani ya mipangilio yake. Ukimpata rafiki wa kukupigia kwa dakika mbili, ni bora zaidi, kwa sababu mashine haitakuambia kwamba sauti yako ni kama ya mtu aliye ndani ya tangi la maji.

Sababu ya kutosubiri asubuhi yenyewe ni ruhusa. Windows ina swichi za faragha zinazoamua ni programu gani zitumie maiki, na chini kabisa ya ukurasa huo kuna swichi nyingine ya programu za kawaida za kompyuta, ambayo watu wengi hawafiki kuiona. Kwenye Mac, ukiipa programu ruhusa, mara nyingi lazima uifunge na kuifungua upya ndipo ianze kusikia. Fikiria ukilazimika kufanya hivyo katikati ya swali la tatu. Ukitumia kivinjari kama Chrome, siku ya kwanza kiliuliza kama tovuti itumie maiki. Ulibonyeza "zuia" ukiwa na haraka, nacho hakisahau. Bonyeza alama iliyo kushoto kwa anwani ya tovuti, rudisha ruhusa, kisha upakie ukurasa upya.

Sasa tuje kwenye waya. Chukua pini ya hedifoni yako uhesabu pete nyeusi. Zikiwa mbili na pini ni moja tu, hedifoni hiyo ni ya kusikilizia muziki tu; haina maiki, hata muuzaji aape. Zikiwa tatu, pini ina sehemu nne na moja ni ya maiki. Lakini hata hiyo ya pete tatu inaweza kukuangusha ukiichomeka kwenye kompyuta ya mezani kule saiba, kwa sababu nyingi kati ya hizo zina matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la waridi la maiki. Ukiichomeka kwenye la kijani, utawasikia wote na hakuna atakayekusikia. Dawa yake ni kiwaya kifupi kinachogawa pini moja kuwa mbili. Luthuli Avenue utakipata, ila mwambie muuzaji wazi kwamba unataka cha hedifoni na maiki, la sivyo atakupa kile cha watu wawili kusikiliza muziki pamoja. Vinafanana mno.

Wengi wetu tunatumia kompyuta za mitumba kutoka ng'ambo, na hizi zina vitufe ambavyo hukuelezwa ulipozinunua. Kwenye Lenovo ThinkPad nyingi, F4 huzima maiki ya mashine nzima na kuwasha kitaa kidogo. Kitaa kikiwaka, Zoom inaweza kukuonyesha kwamba maiki iko wazi na bado usisikike. Hedifoni nyingi za waya nazo zina kiswichi kwenye waya wenyewe, ambacho hujifunga kikikwaruzwa na kola ya koti.

Kuhusu Bluetooth, mimi nina msimamo: kwa kikao cha maana, tumia waya. Hedifoni hizo zikianza kutumia maiki, huacha njia ya muziki na kuingia njia ya simu, ambayo ni finyu. Muziki kwa kawaida huwa na vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde; njia ya simu ya Bluetooth kwa kawaida huwa na 8,000 au 16,000. Ndiyo maana sauti hubadilika ghafla ikawa ya bati mara tu kikao kinapoanza. Haijaharibika, ndivyo ilivyoundwa. Tena chaji yake huisha bila huruma.

Sauti ikifika ikiwa imekatikakatika, acha kuisumbua maiki, tazama mtandao. Kwa maelezo ya Zoom yenyewe, sauti peke yake huhitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, ilhali video ya watu wawili ya ubora wa juu huanzia 600. Kwa hiyo mtandao ukilegea, omba radhi, zima kamera, na sauti itapata pa kupita. Stima nayo ikipotea, kipakatalishi kitaendelea kwa betri lakini ruta itazimika pamoja na taa. Weka bando kwenye simu mapema na ujaribu kuunganisha kompyuta nayo siku hiyo moja kabla, maana neno la siri la simu yako mwenyewe huwa gumu kukumbuka ukiwa na jasho.

Mwangwi huwagombanisha watu bure. Ukisikia sauti yako mwenyewe ikirudi, kwa kawaida kosa si lako. Ni spika ya mtu mwingine inayoingia kwenye maiki yake. Lakini ukifungua maiki na wengine wote waanze kulalamika, hapo mwenye kosa ni wewe. Vaa hedifoni, na kama ndugu yako yuko chumba hicho hicho kwenye kikao hicho hicho, mmoja azime sauti.

Makelele ya Nairobi huwezi kuyamaliza, unaweza kuyakwepa. Sebule yenye vigae na kuta tupu hurudisha sauti. Chumba cha kulala chenye godoro, pazia na nguo zilizotundikwa huimeza. Kaa humo. Chini ya mabati mvua ikianza, hakuna programu itakayokusaidia. Kile kichujio cha makelele ndani ya Zoom kinapunguza honi za matatu na msumeno wa mjengo wa jirani, lakini kikiwekwa juu kabisa huweza kumla na mtu mwenye sauti ya upole.

Kuna pia maiki inayozimwa na mwingine. Tangu 2020, Wakenya wengi wamehudhuria kesi zao kwa video, na huko unaweza kukaa saa nzima ukiwa umenyamazishwa ukingoja kesi yako itajwe. Mwenye kikao akikutaka uongee, huenda ukaletewa ombi dogo kwenye kioo la kufungua maiki, na lazima ulikubali wewe mwenyewe. Kwa hiyo usiache kompyuta isinzie, wala usitoke kwenda kuepua chai.

Ukiingia kwa simu, kumbuka kwamba mtu akikupigia, maiki huweza kukunyang'anywa papo hapo. Kama una Wi-Fi, weka simu kwenye hali ya ndege kisha uwashe Wi-Fi peke yake. Mara nyingi simu za kawaida hazitaingia. Za WhatsApp zitaingia, kwa hiyo mwambie mama mapema. Andika pia nambari ya mtu wa kuwasiliana naye kwenye karatasi, ili mambo yakigoma kabisa uwatumie ujumbe kabla hawajadhani umekimbia.

Binamu aliitwa tena wiki iliyofuata, kwingine. Safari hii aliutoa ule mkoba chumbani, akaupeleka jikoni, akarudi kuketi kwa fahari. Ikabidi nimkumbushe kwamba kutoka jikoni kwake hadi kitandani hata mita nne hazifiki, na Bluetooth hufika kumi bila taabu. Akaenda kuzizima.