Kufunga Taa Kwenye Baiskeli ya Milimani kwa Safari za Usiku
Funga taa yenye mwanga mpana katikati ya usukani na nyingine yenye mwanga mwembamba juu ya helmeti, kwa sababu ile ya usukani huzaa vivuli vinavyoonyesha mawe na mashimo, ilhali ya helmeti hufuata macho yako kwenye kona kabla usukani haujageuka. Kabla ya kukaza kibano cha taa ya usukani, zungushia usukani kipande cha mpira wa tyubu kuukuu. Bila hicho, taa huinama kidogo kidogo kila gurudumu linapogonga jiwe, mpaka ikawa inamulika tairi la mbele tu. Betri ikiwa imetengana na taa, ifunge kwenye fremu kwa mkanda, kisha geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili uhakikishe waya hauvutiki. Nyuma, taa nyekundu hafifu inatosha, isimwumize macho anayekufuata.