Kupima drili ya betri yenye nguvu, hatua kwa hatua

Boksi la drili ya betri hujisifu kwa namba moja: 60 Nm, 90 Nm, 140 Nm. Huo ni msokoto (nguvu ya kuzungusha, kwa newton-mita, yaani Nm) wa juu kabisa, na kwa kawaida hupimwa pale bolti inapofika mwisho ndani ya chuma na kugoma. Wakati huo mdomo wa drili, sehemu inayobana biti (ncha inayotoboa), umeshasimama, na drili iliyosimama haitoboi kitu. Kinachotoboa ni msokoto pamoja na mwendo. Zidisha Nm kwa mizunguko ya dakika moja, gawa kwa 9.55, na jibu ni wati zinazofika kwenye biti. Chukua drili mbili zinazopekecha ubao uleule unaodai Nm 20. Inayozunguka mara 250 kwa dakika inatoa wati 524, na iliyobaki kwenye 350 inatoa 733. Ya pili ndiyo yenye nguvu, hata kama boksi lake limetulia kuliko la mwenzake.

Ndiyo maana drili hupimwa ikiwa na mzigo. Andaa jiriwa au vibano imara, ubao mgumu wa unene wa mm 50, ubao laini, bapa la chuma la mm 6, tofali la zege, skrubu za 4 × 40, skrubu nene za kichwa cha pembe sita za 8 × 100, multimita, mizani ya jikoni na saa ya simu. Biti ziwe mpya. Biti butu huifanya drili nzuri ionekane mbovu, na malalamiko mengi ya "drili haina nguvu" huishia kwenye biti. Vaa miwani, ziba masikio, na kwenye zege vaa barakoa.

Hatua ya 1: Betri kwanza

Betri ya drili ya kawaida ina seli za lithiamu zilizopangwa tano kwa mfululizo. Kila seli ni volti 3.6 kwa wastani na 4.2 ikijaa, kwa hiyo tano hutoa 18 kwa wastani na 21 zikijaa. Hapo ndipo linapotoka lile suala la "18V" na "20V": ni betri ileile, mmoja ametaja wastani na mwingine ametaja volti za ikiwa imejaa. Ukikuta maandishi kama 48VF au 88VF kwenye betri ndogo ya mkononi, ijaze, kisha gusisha multimita kwenye vibati vya chanya na hasi. Ikisoma 20 na ushee, una betri ya seli tano na hayo mengine ni rangi ya boksi. Shika ncha za multimita kwa uangalifu zisigusane. Betri hizi zina uwezo wa kuyeyusha ncha hizo.

Sasa pima uzito. Seli ndogo, yenye kipenyo cha mm 18 na urefu wa mm 65, ina gramu 45 hadi 48. Zile zinazofaa drili hubeba Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa) 2 hadi 3 kila moja, hivyo betri ya Ah 5 iliyojengwa kwa seli hizo inahitaji safu mbili, yaani seli kumi, na seli peke yake zinakaribia nusu kilo kabla ya kuongeza plastiki. Betri ya namna hiyo ikisoma gramu 350 jumla, safu moja haipo. Kuna seli kubwa zaidi, za kipenyo cha mm 21 na urefu wa mm 70, zenye gramu 70 hivi. Tano za hizo zinaweza kufika Ah 4 au 5, lakini nazo zina gramu 350 bila kasha.

Kama una kipimo cha umeme cha kuchomeka ukutani, kipitishe kwenye chaja huku betri ikijaa kutoka tupu. Volti 18 mara Ah 5 ni Wh (wati-saa) 90. Chaja hupoteza sehemu ya umeme njiani, kwa hiyo ukutani lazima isome zaidi ya 90. Isipofika hata hapo, Ah 5 hazimo.

Na safu mbili hazirefushi muda tu. Zinagawana mkondo, volti hazizami sana mzigo unapokuja, na drili ileile huwa na nguvu zaidi. Usilinganishe drili moja ikiwa na betri ya Ah 2 na nyingine ikiwa na ya Ah 5, maana utakuwa unapima betri.

Hatua ya 2: Mdomo na mhimili

Drili ya karakana iwe na mdomo wa mm 13. Wa mm 10 unatosha kazi ndogo za nyumbani. Toa betri, shika mdomo, utikise kushoto na kulia. Mchezo wa pembeni unaousikia mkononi ni beringi legevu. Mchezo mdogo wa mbele na nyuma kwenye drili yenye nyundo ni wa kawaida, usiuhesabu kama kosa.

Kisha funga biti mpya ya mm 10 kinyumenyume, shina laini likiwa nje, zungusha polepole na utazame ncha ya shina mbele ya mstari uliochorwa kwenye karatasi. Ukiona yumbo kwa macho bila taabu, fungua, geuza biti robo mzunguko, funga tena. Yumbo likihama pamoja na biti, tatizo ni biti. Likibaki upande wa taya ileile, tatizo ni mdomo. Mwenye saa ya kupimia (kifaa cha mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita) asome: milimita 0.1 hadi 0.2 ni safi, 0.5 itakuharibia matundu ya chuma.

Kubana nako kunapimika. Funga biti hadi mdomo ulie kata-kata, kisha chora mstari mmoja wa kalamu unaovuka kutoka kwenye taya hadi kwenye biti. Toboa matundu matatu makubwa kwenye ubao mgumu na utazame mstari. Ukikatika, hata kwa unywele, biti inateleza ndani ya mdomo. Wati zako zinaishia kuchubua shina la biti. Wengi hawafanyi jaribio hili, na ni la nusu dakika.

Jambo la pembeni kwa atakayetaka kubadilisha mdomo: ndani kabisa ya koo lake kuna skrubu inayofunguka kwa kuzungushwa kama unafunga. Imewekwa kinyume ili mdomo usifunguke drili inaporudi nyuma. Wanaoisokota kwa mazoea huivunja kichwa.

Hatua ya 3: Swichi, breki, gia

Bonyeza swichi kwa kidole taratibu. Mdomo uanze kutambaa, usiruke. Achia ghafla ukiwa kwenye kasi kamili: breki nzuri husimamisha mdomo ndani ya sekunde moja. Zima taa utazame matundu ya hewa. Cheche ndani ni mota ya kaboni, giza tupu ni mota isiyo na kaboni, ambayo haipotezi umeme kwenye msuguano na haina cha kubadilisha baadaye. Gia ibadilishwe drili ikiwa imesimama. Ikikataa kuingia, zungusha mdomo kidogo kwa mkono ndipo usukume.

Hatua ya 4: Klachi

Weka klachi (pete yenye namba nyuma ya mdomo, inayokata msokoto ukifika kiwango ulichochagua) namba ya chini, gia ya kwanza (ya polepole), na ufunge skrubu za 4 × 40 kwenye ubao laini. Panda namba moja moja hadi kichwa kikae sawasawa na ubao. Hapo funga skrubu kumi bila kugusa kitu. Vichwa vyote viwe usawa mmoja. Vikiwa vingine vimezama na vingine vimebaki juu, klachi haiaminiki kwenye kabati wala bawaba.

Drili kubwa nyingi hushindwa hapa. Namba yao ya chini kabisa bado ni kali mno kwa skrubu ndogo. Kwa mtu ambaye kazi yake ni rafu, vitasa na samani, drili ya Nm 60 yenye klachi tulivu ni bora kuliko jitu la Nm 140.

Hatua ya 5: Mkono wako

Kabla ya mzigo mzito, piga hesabu hii. Biti ikikwama ghafla, msokoto wote unarudi kwenye mwili wa drili. Mpini unaoushika uko sentimita 12 hivi kutoka kwenye mhimili. Nm 100 gawa kwa mita 0.12 ni zaidi ya newtoni 830, sawa na uzito wa kilo 85 ukikipinda kifundo cha mkono mmoja. Mpini wa pembeni unaofika sentimita 20 huteremsha hadi kilo 50. Wa sentimita 40 hadi kilo 25. Drili ya msokoto mkubwa inayouzwa bila mpini wa pembeni, au yenye kijiti kifupi cha plastiki, ina kasoro.

Biti huenda kwa mwelekeo wa saa, basi mwili wa drili hutaka kwenda kinyume chake. Simama mpini ukiwa umeegemea upande huo kwenye nguzo, meza au paja, si hewani. Baadhi ya drili zina kihisi kinachozima mota mwili ukizunguka ghafla. Ni kitu kizuri, lakini usikijaribu kwa kusudi ukiwa juu ya ngazi.

Hatua ya 6: Mbao

Funga ubao mgumu kwenye jiriwa. Gia ya kwanza, biti ya ond (iliyojiviringa kama parafujo) ya mm 25, betri imejaa. Drili ya volti 18 yenye afya huvuka mm 50 kwa sekunde 5 hadi 10. Toboa matundu matano ukiandika muda wa kila moja. Tundu la tano likichukua muda mrefu zaidi sana kuliko la kwanza, volti zinazama au mota inajihami kwa joto.

Kisha weka msumeno wa kikombe (wa kukata matundu makubwa ya duara) wa mm 65. Hapa ndipo madai ya boksi huanguka. Bandika kipande cha tepu inayong'aa kwenye mdomo na usome kasi kwa takomita (kipima mizunguko) ya mwanga, bila mzigo na ukiwa unakata. Kutoka 500 kushuka hadi 350 ni kazi ya kawaida. Ikishuka chini ya nusu unailemea: punguza kusukuma, chomoa msumeno mara kwa mara maranda yatoke. Maranda yaliyojaa ndani ya kikombe hula msokoto kuliko mbao yenyewe, na moshi ni dalili yake. Bila takomita, tumia sikio. Sauti iliyoshuka kwa hatua na kutulia ni sawa, sauti inayozidi kuzama ni mota inayoelekea kusimama. Ikisimama, achia swichi papo hapo. Mota iliyogoma huku imebanwa hugeuza umeme wote kuwa joto.

Malizia na skrubu za 8 × 100 bila tundu la kuongozea. Izame hadi kichwa kiguse. Rudia hadi betri iishe, hesabu skrubu, gawa kwa Wh za betri. Hiyo ndiyo namba ya kulinganishia drili mbili.

Hatua ya 7: Chuma

Kasi sahihi kwa chuma laini na biti ya kawaida ya chuma: gawa 8000 kwa kipenyo. Biti ya mm 10 inataka mizunguko 800, ya mm 6 inataka 1300. Tone la mafuta, tundu dogo kwanza. Biti hukwama inapochomoza upande wa pili, kwa hiyo legeza mkono mwishoni.

Hatua ya 8: Zege

Nyundo ya drili ya kawaida ni magurudumu mawili yenye meno yanayorukiana. Mapigo ni mizunguko mara idadi ya meno: 2000 mara meno 15 ni 30,000 kwa dakika, kila pigo likiwa dogo. Ndiyo maana tumia gia ya pili na usukume kwa kiasi. Jaribu mm 6 na mm 8 kwa kina cha mm 50. Kupita mm 10 kwenye zege, tafuta mashine ya nyundo ya pistoni ya hewa. Ukigonga nondo, zima nyundo, la sivyo ncha ya kaboidi inavunjika.

Hatua ya 9: Baada ya kazi

Gusa mota na betri. Usipoweza kuacha kiganja juu yake, ipumzishe, na usiiweke betri ya moto kwenye chaja. Rudia jaribio la kutikisa mdomo. Mchezo ulioongezeka ndani ya saa chache hautapungua. Jaza betri, pima volti, iache ilale nje ya drili, pima asubuhi. Ikiwa imeshuka zaidi ya nusu volti bila kufanya kazi yoyote, kuna seli inayovuja ndani. Irudishe dukani dhamana ikiwa bado hai.